Picha ya sainasi: usimlaze mgonjwa

Mwaka wangu wa kwanza kwenye chumba cha eksirei, mama mmoja aliletwa akilalamika shavu la kushoto linamgonga kila akiinama. Foleni ilikuwa ndefu, nikamlaza, nikapiga. Picha ikatoka na weupe uliotanda sainasi nzima ya shavu, yaani ule uwazi wa hewa ndani ya mfupa wa uso. Daktari akaniuliza, "Kijana, huu ni usaha au ni utando umevimba?" Sikuwa na jibu. Nikamwita mama tena, nikamketisha kwenye stuli mbele ya stendi ya ukutani. Safari hii mstari wa usaha ulionekana dhahiri, umetulia kama maji kwenye glasi. Amepigwa mionzi mara mbili kwa haraka zangu.

Basi, wadogo zangu mnaoanza kazi: mketisheni au msimamisheni, mwacheni wima dakika 5 hivi usaha utulie, na mwale wa eksirei uende sambamba na sakafu. Ukiinamisha mashine, ule mstari unapotea.

Mkao wa Waters, ule wa kupiga sainasi za mashavu, ndio unaosumbua. Kidevu kinagusa stendi, pua inabaki nje kidogo, na mstari wa kutoka kwenye jicho hadi tundu la sikio unafanya nyuzi 37 na stendi. Mgonjwa akichoka anashusha kidevu, na mfupa mgumu wa sikio unapanda kufunika sakafu ya sainasi za mashavu, palepale usaha unapokaa. Huo mfupa ukionekana chini kidogo ya sainasi, umepatia.

Mkao wa Caldwell ni wa sainasi za paji la uso na zile za katikati ya macho. Vitabu vingi vinasema inamisha mwale nyuzi 15. Mimi nainua uso wa mgonjwa nyuzi hizo hizo, mwale naacha ulale. Picha ya ubavuni inaonyesha sainasi ya nyuma kabisa ya pua, ila kulia na kushoto vinalaliana. Kwa mtoto wa miaka 3 usihangaike kutafuta sainasi za paji, bado hazijajitokeza.

Daktari anayepanga upasuaji atataka CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha kichwa vipande vipande, hilo msibishane naye.

Halafu nywele! Hereni na kipini cha puani kila mtu anakumbuka kuvivua. Rasta zilizofungwa fundo utosini, au pini za mtandio, ndizo zinazoacha kivuli kwenye picha, nami niliwahi kukiita ugonjwa.