Mwanangu, ulichoniuliza kuhusu washirika na majasusi

Mwanangu,

Umeniuliza iweje Wasovieti wapeleke majasusi Marekani na Uingereza ilhali wote watatu walikuwa wakipigana na Hitler, na kama huo si usaliti.

Juni 1945, mjini Albuquerque, Marekani, Harry Gold, mjumbe wa majasusi wa Kisovieti, alibisha hodi kwa David Greenglass, askari fundi wa Los Alamos, kulikokuwa kukitengenezwa bomu la atomiki. Gold alishika kipande cha boksi la jeli, ishara ya kutambuana. Greenglass akatoa chake, wakavilinganisha, vikaingiana. Basi akampa Gold michoro, akapokea dola 500. Siku iliyotangulia Gold alikuwa Santa Fe, akipokea karatasi za Klaus Fuchs, mwanafizikia wa Los Alamos.

Fuchs ndiye anayeniuma. Alikuwa Mjerumani aliyemkimbia Hitler. Mwaka 1941 mwanafizikia Rudolf Peierls alimpa kazi ya utafiti wa bomu la atomiki huko Birmingham, Uingereza, akamkaribisha aishi nyumbani kwake na familia yake. Mwaka huohuo Fuchs akaanza kuwapelekea Wasovieti siri za kazi ile. Aliamini kwamba taifa linalozika watu kwa mamilioni katika vita hivyo lina haki ya kujua. Na ni kweli lilifichwa siri hizo: Agosti 1943, huko Quebec, Kanada, Roosevelt na Churchill waliafikiana kwamba habari za bomu zisimfikie mwingine yeyote bila ridhaa yao wote wawili.

Wala usidhani Wasovieti peke yao ndio waliochungulia. Februari 1943, wiki ileile Wajerumani wa mwisho waliposalimu amri Stalingrad, Gene Grabeel, mwalimu wa zamani, aliketi Arlington Hall, Virginia, jengo lililokuwa shule ya wasichana, akaanza kupanga marundo ya telegramu za siri za Wasovieti. Taabu hiyo ilizaa matunda vita vikiwa vimekwisha. Desemba 1946 mwenzake wa hapo, Meredith Gardner, alifumbua telegramu moja, akakuta orodha ya majina ya wanasayansi wa bomu. Telegramu hizo ndizo zilizokuja kumfichua Fuchs. Alikiri Januari 1950, akahukumiwa miaka 14.

Kwa hiyo, mwanangu, serikali zile siziiti wasaliti. Zilishikana mikono kwa ajili ya adui mmoja, na kila moja ilikuwa tayari inawaza adui huyo akishaanguka itakuwaje. Julai 24, 1945, huko Potsdam, Ujerumani, Truman, rais wa Marekani baada ya Roosevelt, alimsogelea Stalin, kiongozi wa Wasovieti, akamdokezea kwamba Marekani ina silaha mpya yenye nguvu zisizo za kawaida. Stalin hakuonyesha mshangao wowote. Alikwisha kujua.

Ila kwa Peierls, naam, ulikuwa usaliti. Alimpa mtu chumba, chakula na kazi, na kwa miaka yote hiyo mtu huyo akawa anabeba siri zake kuzitoa nje. Fuchs alipokamatwa, Peierls alikwenda gerezani kumwona, akamsihi aseme yote anayoyajua.

Mama yako