Anachoma insulini kila siku, mbona sukari inapanda na kushuka?

Maswali ya mara hii yote yametoka kwa watu wanaomhudumia mgonjwa wa kisukari nyumbani. La kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowapata wengi.

*Shikamoo muuguzi. Mama yangu ana miaka 63, anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Hatuna friji, dawa inakaa kwenye mtungi. Asubuhi kipimo cha sukari kinasoma 16 (mmol/L), kesho yake 3.6, na chakula ni kilekile. Dozi imeshaongezwa mara mbili. Tunakosea wapi? – Binti, Dodoma*

Marahaba, binti. Sukari inayoruka hivyo huku chakula hakijabadilika, mara nyingi shida si uchache wa dozi. Kabla haijaongezwa mara ya tatu, kagua ngozi, chupa ya dawa na bomba la sindano.

Ngozi kwanza. Mlaze mama chali penye mwanga, upitishe ncha za vidole pale anapochoma, taratibu, kisha kwa kubonyeza. Unatafuta uvimbe unaobonyea kama mpira chini ya ngozi. Mara nyingi mkono huugundua kabla ya jicho. Ni mafuta yaliyojazana, kwa kuwa insulini yenyewe huyakuza ikichomwa palepale kila siku. Ubaya wake ni kwamba pale hapaumi, basi mgonjwa hupapenda. Dawa ikiingia kwenye uvimbe hufika kwenye damu bila mpango, leo kidogo, kesho nyingi, na hapo ndipo 16 na 3.6 zinapotoka.

Ukiukuta uvimbe, tafadhali usimhamishe mama kimyakimya. Dozi yake ya sasa imepandishwa kwa dawa iliyokuwa ikipotea njiani. Siku atakayochoma kwenye ngozi nzima, yuniti zilezile (vipimo vya insulini) zinaweza kumshusha sukari mno. Wajulishe kliniki kwanza, wanaweza kuipunguza dozi, na siku hizo mpime mara nyingi zaidi, hasa kabla ya kulala. Kisha ligawe tumbo vipande vinne, kila kipande wiki moja, na kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Kaeni vidole viwili mbali na kitovu. Mkitumia na paja, liwe na zamu yake isiyobadilika, kwa mfano jioni, kwa sababu tumbo hupokea dawa haraka kuliko paja. Uvimbe wenyewe uachwe upumzike. Huchukua miezi kunywea.

Sasa chupa. Katika insulini ya mchanganyiko iliyoandikwa 70/30, sehemu 70 ni ya taratibu, nayo hutuama chini kama unga. 30 ni ya haraka, hubaki juu kama maji safi. Isipochanganywa, mama huvuta kisichojulikana, na chupa ikikaribia kuisha uwiano unakuwa umeharibika kabisa. Iviringishe kati ya viganja mara 10, halafu ipindue juu chini mara 10, mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Usiitikise: povu huingia kwenye bomba na kuchukua nafasi ya dawa. Ikibaki na chembe, au ukuta wa chupa umeshika utando mweupe, haifai tena.

Mtungi wenu ni njia nzuri, mradi ufanye kazi ya mtungi. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagilie asubuhi na jioni, ufunike kwa kitambaa kibichi, uuweke kivulini penye upepo. Chupa ya insulini iwe ndani ya kikopo cha plastiki kilichofungwa ili maji yasiifikie. Baridi inatokana na maji kukauka, ndiyo maana Dodoma penye hewa kavu mtungi hupoza vizuri, na Tanga au Mombasa hupoza kidogo. Hata hivyo haufikii nyuzi 2 hadi 8 zinazotakiwa kwa chupa ambazo hazijafunguliwa, kwa hiyo chukueni kliniki chupa moja moja. Iliyofunguliwa iandike tarehe, na baada ya wiki 4 isitumike hata kama imebaki nusu. Wenye friji nao wasiiweke karibu na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda imekufa, na ikiyeyuka huenda usiitambue kwa macho.

Mwisho bomba. Lile la mili 1 lina yuniti 100, na kila mstari mdogo ni yuniti 2. Kwenye lile la nusu mili, mstari mmoja ni yuniti 1. Anayehesabu mistari 12 kwenye la kwanza amevuta yuniti 24. Akipewa la pili akahesabu 12 ileile, amevuta nusu. Soma namba, usihesabu mistari. Bomba la kawaida la kuchomea dawa nyingine lisitumike kabisa kwa insulini.

Ulizeni pia saa. Insulini hii ya 70/30 huchomwa nusu saa kabla ya kula. Akichoma akiwa tayari mezani, sukari ya chakula huitangulia dawa.

*Usiku mume wangu alitoka jasho jingi, akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Nilimpa soda ile isiyo na sukari kwa kuwa ana kisukari. Hakupata nafuu haraka. – Mke, Morogoro*

Pole sana, dada. Hapo sukari ilikuwa imeshuka, na soda ile haikuwa na cha kumpa. Hilo ndilo tukio pekee ambalo mgonjwa wa kisukari anahitaji sukari yenyewe, tena upesi.

Ikisoma chini ya 4, au dalili zipo na kipimo hakipo karibu, koroga vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari katika nusu glasi ya maji, anywe. Nusu ya soda ya kawaida ya mili 300 nayo inatosha. Maziwa na chokoleti huchelewa kwa sababu ya mafuta. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, ale kitu cha kushiba, kama mkate au ndizi mbili, la sivyo itashuka tena kabla ya alfajiri.

Akiwa hawezi kumeza au amezimia, usimmiminie chochote kinywani. Kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali mara moja. Na asubuhi yake tafuteni sababu: alichoma akalala bila kula? Alilima au alitembea sana mchana? Alikunywa pombe?

*Mwanangu wa miaka 13 ana kisukari aina ya kwanza. Akipata malaria hali chakula. Niruke sindano? – Baba, Kigoma*

Hapana, baba. Mwili wake hautengenezi insulini, na homa huipandisha sukari hata kama hajala. Ukiikatisha kabisa, mwili unaanza kuchoma mafuta na damu inajaa asidi. Mpime kila baada ya saa 3 au 4, mpe maji kidogo kidogo mfululizo, na upigie kliniki wakupe dozi ya siku hiyo; inaweza kupungua au kuongezeka. Usibahatishe, maana malaria kali yenyewe huweza kuishusha sukari. Akitapika kila anachokunywa, akiumwa tumbo, akipumua kwa nguvu na haraka, au pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva sana, usingoje asubuhi.

*Sindano zilizotumika nitupe wapi? Watoto wanachezea jalala. – Msomaji, Temeke*

Tumia chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ile ya dawa ya kufulia. Dumbukiza sindano ikitangulia ncha, bila kuirudishia kofia yake, maana hapo ndipo wengi hujichoma. Ikifika robo tatu, funga, zungushia utepe, uirudishe kliniki siku ya kuchukua dawa.