Taba ilikuwa na watu walewale

Mhariri, wiki hii mmeuliza: uovu tunazaliwa nao, au jamii ndiyo inayotufunza? Jibu langu ni kwamba jamii, na hasa wenye madaraka, ndio wanaofungua mlango, lakini anayeuvuka ni mtu mwenyewe kwa miguu yake. Nasema hivi nikiwa mkazi wa Arusha, mji ambao Umoja wa Mataifa uliweka mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na kesi zake zimejaa jibu la swali lenu kwa yeyote anayetaka kulitafuta.

Mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari alihukumiwa hapa, Septemba 2, 1998. Jean-Paul Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, kisha meya wa Taba, katikati ya Rwanda. Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994, Kigali ilianza kuchinja mara moja. Taba haikufuata. Majaji walikubali kwamba siku zile za mwanzo Akayesu alijaribu kuzuia mauaji. Aprili 18 mameya wakaitwa kukutana na viongozi wa serikali ya muda, mkoani Gitarama. Kesho yake alfajiri, meya huyohuyo alisimama mbele ya watu wake na kuwahimiza wamwangamize adui, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kuwa adui ni Mtutsi. Hadi mwisho wa Juni, watu wasiopungua 2,000 walikuwa wameuawa Taba.

Naomba wasomaji wasiipite haraka hiyo tarehe 18. Watu wa Taba walikuwa walewale, na mapanga yao ni yaleyale waliyolimia. Kama uovu ni maumbile tu, ulikuwa ukingoja nini? Ulingoja ruhusa. Butare nako, mkuu wa mkoa Jean-Baptiste Habyalimana (si yule rais), Mtutsi pekee mwenye cheo hicho, alizuia umwagaji damu katika sehemu kubwa ya mkoa wake mpaka alipoondolewa. Aprili 19 rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, akafika kuwashutumu wanaojifanya mambo hayawahusu, na mji ule wa chuo kikuu ukaingia kwenye mauaji.

Ruhusa hiyo ilikuta ardhi imeshalimwa. Tangu miaka ya 1930 Wabelgiji walikuwa wameandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu, na serikali za baada ya uhuru zikauendeleza utaratibu huo. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ikawazoesha wasikilizaji kusikia majirani zao wakiitwa mende. Ndiyo maana nakereka mno ninaposikia watu hapa kwetu wakisema “wale wana chuki ya asili”. Kauli hiyo inawasafisha walioandika vitambulisho na walioshika maikrofoni.

Lakini wapo waliosikia redio ileile na bado wakakataa. Zura Karuhimbi, mjane mganga wa mitishamba huko Ruhango, aliwaficha nyumbani kwake watu zaidi ya 100. Wauaji walipokuja, aliwatisha kwa sifa yake ya uchawi na kwa majani ya kuwasha aliyojipaka mikononi, wakaogopa kuingia. Hakuwa na bunduki wala cheo. Katika simulizi zake alikumbuka kuwa mama yake naye aliwaficha Watutsi mwaka 1959. Kwa hiyo hata wema wake ulikuwa na mwalimu, ila mwalimu huyo alikuwa mzazi nyumbani, na sauti yake ilidumu kuliko ya serikali nzima. Tunaposema “jamii” tuseme basi ni ipi, kwa sababu kila mtu analelewa na zaidi ya moja, na siku ikifika huchagua atamtii nani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kuibebesha jamii kila kitu. Akayesu aliijua njia ya pili, ya kukataa. Alikuwa ameshaipita siku kadhaa. Majaji walipompa kifungo cha maisha walihesabu juhudi zake za mwanzo, wakahesabu pia kwamba alichagua kwa akili zake kujiunga na mauaji. Mimi naona walipima sawasawa.