Bolzano bila gari
Huna haja ya gari la kukodi Bolzano, mji wa kaskazini mwa Italia, hata ukifikia hoteli ndogo. Kutoka kituo cha treni hadi Piazza Walther, uwanja wa katikati ya mji, ni dakika chache tu kwa miguu, na hoteli nyingi za Alto Adige, mkoa ulipo mji huu, humpa mgeni kadi ya Guest Pass: basi na treni za mkoa unapanda bure siku zote za kukaa kwako, hata mpaka mji wa Merano. Frecciarossa, treni ya mwendo kasi, haimo. Waulize kabla hujalipa, maana si hoteli zote zinazoitoa. Ukiendesha mwenyewe, katikati ya mji kuna maeneo ya ZTL, yaani yenye vizuizi vya magari, yasiyoruhusu magari ya wageni. Kamera ikikunasa, faini inakufuata kupitia kampuni ya kukodisha. Kodi ya utalii huwa juu ya bei ya chumba, inahesabiwa kwa kila mtu kila usiku.