"Mama, Nipe Radhi Zako": Kijana Amekosa Nini?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Upo wimbo ambamo kijana anayekwenda mjini kutafuta maisha anamwahidi mama yake kwamba atamjengea nyumba na kumpeleka Makka kuhiji, kisha anamalizia kwa kusema, 'Mama, nipe radhi zako.' Wimbo mzima hautaji kosa lolote. Anaomba msamaha wa nini? Au alikusudia kusema 'ridhaa'?"

Kijana huyo hajakosa kitu, wala haombi msamaha. Radhi, neno lililotokana na Kiarabu pamoja na jamaa zake ridhika, ridhisha na maridhiano, ni hali ya moyo wa mtu kuwa mkunjufu juu ya mwenzake. Waislamu wakimtaja sahaba wa Mtume huomba radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, yaani Mungu awe ameridhika naye. Na mtoto wa madrasa hufundishwa mapema kwamba radhi za Mola zimo katika radhi za wazazi. Kwa hiyo mwana wa wimbo huu anamtaka mama amfungulie njia kwa moyo mweupe. Nyumba na safari ya Makka ni ahadi zake yeye, lakini radhi ni mali ya mama, na bila hizo kijana anaamini hata tofali la kwanza halitasimama. Ndiyo sababu zimewekwa mwisho wa wimbo.

Simlaumu msomaji kwa kupotea. Waliompoteza ni waandishi wa matangazo, na hao nimewavumilia kiasi cha kutosha. Kila maji yanapokatwa, kila barabara inapofungwa, tunabandikiwa sentensi ile ile: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Itazameni vizuri. Kwanza, radhi zinaombwa kwa nani? Sentensi haimtaji anayeombwa, ilhali radhi hazina maana bila mtu wa kuzitoa. Kijana wetu amesema "Mama", akasema "zako", akajulikana anayesimama mbele yake. Pili, usumbufu "utakaojitokeza" ni usumbufu gani? Anayefunga koki anajua fika kwamba wanawake watabeba ndoo usiku na wagonjwa watakosa maji ya kuogea, lakini kitenzi hicho kinaufanya usumbufu uote wenyewe kama uyoga, pasipo mkono wa mtu. Tatu, neno "wowote" linaitilia shaka taabu ambayo ni ya hakika. Sentensi ya namna hiyo inalikwepa kosa huku ikijivika vazi la unyenyekevu, na imerudiwa mno hata neno lenye uzito wa mzazi na mwana limegeuka muhuri wa ofisini. Aandikaye angeweza kusema, "Tutakata maji kwa siku mbili, na tunajua mtataabika, tunaomba mtusamehe," na kila mtu angejua nani amefanya nini.

Hata hivyo, sitadai kwamba radhi haina uhusiano wowote na msamaha. "Niwie radhi" ni usemi wa adabu, na ukiufungua utaona maana yake ya asili: uwe radhi nami, usinikasirikie. Kutoka hapo watu wakafika kwenye "kuomba radhi" kwa maana ya kuomba msamaha, kamusi zikaipokea, nami nimeshachoka kupigana na jambo lililokwisha kuota mizizi. Lakini matumizi mapya hayana haki ya kuyafuta yale ya zamani. Tazama kitenzi: mkosaji humwambia mama "niwie radhi", lakini msafiri humwambia "nipe radhi zako", kwa kuwa anataka kuondoka nazo. Asikiaye wimbo kwa masikio ya tangazo la maji atamgeuza mwana mwema kuwa mkosaji, na ahadi zake kuwa fidia.

Kuhusu ridhaa, hilo ni neno la kibali. Mgonjwa hutia saini fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji, na mzazi huombwa ridhaa yake binti anapochumbiwa. Kama kijana angeomba ridhaa, tungeelewa kwamba anaomba ruhusa ya kusafiri, na mama angeweza kumpa huku moyo wake umekunjamana. Kijana huyu ameomba zaidi ya hapo, na mtunzi amelichagua neno lake kwa usahihi kabisa.