Usilipe kodi ya nyumba ya mwaka kwa pupa

Unahama Wete, Pemba, kuja Mjini Unguja kwa kazi ya uwanja wa ndege, halafu upange Mji Mkongwe? La, mdogo wangu. Tafuta Kiembesamaki, daladala za 505 zinapita huko, au Mombasa (mtaa wa hapa hapa Unguja, si kule Kenya!). Mimi nilikimbilia kulipa mwaka mzima, masika yalipoingia maji yakanifuata mpaka uvunguni. Kwa hiyo waulize majirani, si dalali: mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi, na mita ya Tukuza (umeme wa kulipia kabla) ni yako peke yako au mnachangia? Ukishahamia, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ukajitambulishe. Godoro usilibebe melini, hapa yamejaa.