Kwa nini wazee huondoka ukumbini hata zilipendwa zikipigwa

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye send-off za huku Mwanza wazee wanaaga mapema ilhali DJ kawapigia zilipendwa. Mara nyingi wimbo hauna kosa. Kosa ni mahali unapokatwa.

Dansi la bendi kongwe kama Msondo, Sikinde au Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz limejengwa kwa sehemu mbili. Kwanza mashairi, taratibu, kisa kinasimuliwa. Halafu magitaa yanachanganya, tarumbeta zinajibizana, ndiyo chemko. Mzee anasubiri chemko. DJ aliyekulia Bongo Fleva kazoea kiitikio kiingie ndani ya dakika ya kwanza, kwa hiyo dakika ya pili na nusu anakata, wakati mzee ndiyo kwanza anavua koti. Nyimbo zenye mashairi marefu zipige watu wakila, zitasikilizwa. Za kucheza, weka alama beti ya mwisho kabla ya chemko, anzia hapo, kisha uliache lichemke dakika tatu bila kuligusa.

Sync, yaani kitufe cha programu kinacholinganisha kasi ya nyimbo mbili chenyewe, zima kabisa. Mpiga dramu wa bendi hakufuata mashine; chemko likiingia mwendo unapanda na gridi ya programu inateleza. Subiri mstari uishe, ndipo ubadilishe. Halafu rekodi nyingi za Radio Tanzania ni mono (sauti ya njia moja), besi nyembamba: ukitoka kwenye amapiano, ukumbi unadhani spika zimekufa. Pandisha gain (nobu ya nguvu ya sauti inayoingia) mpaka taa za kipimo cha sauti kwenye mixer zilingane na wimbo uliotangulia. Nobu ya besi iongeze kidogo tu, ukiizidisha unakuza mngurumo wa kanda.

Wenye miaka arobaini na kitu ndio rahisi kuliko wote: Bongo Fleva ya mwanzo wa miaka ya 2000 na sebene (sehemu ya magitaa ya kuchezea) za Wakongo za miaka ya 1990. Sebene itumie kama daraja, maana wazee wanaielewa na vijana hawaikatai. Kanda ya ziwa tuna la ziada, nyimbo za Kisukuma, na benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, kama kuna ukoo kutoka Rorya (D.O. Misiani, nguli wa benga, mwenyewe alizaliwa Shirati huko huko). Ila muulize mwenyekiti wa kamati kwanza. Ukoo wa Kihaya ukipigiwa Kisukuma nusu saa utanuna, na kwa haki.

Vijana waachie mwisho. Amapiano hukaa kwenye bpm (mapigo kwa dakika) 110 hadi 115, singeli huvuka 200. Ukiwa na amapiano ya 110, singeli ya 220 inaingia bila kugusa kasi kwa kuwa ni mara mbili kamili; programu nyingi zitaiandika 110, usishangae. Robo saa ya singeli inatosha, miguu ya vijana nayo ina kikomo. Na isianze kabla wazee hawajapelekwa kwenye gari, maana MC akiwarudisha kwa ajili ya picha utalazimika kushuka hadi dansi ghafla, na hapo hakuna mchanganyo utakaokuokoa: zima muziki, mpe MC maiki, anza upya.